Bi Nyufa na Ukuta wa Zahanati ya Zamani

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, au mmekaa tu mmenyoosha miguu, hamjambo? Leo tunamkumbuka mama mmoja wa halmashauri. Ndiyo, halmashauri. Msizime redio.

Watu walimwita Bi Nyufa. Alikuwa ofisa wa majengo ya kale. Kwa miaka thelathini na minne aliyalinda majengo ya kale ya mji huu. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane, kitandani kwake, binti yake amemshika mkono.

Ofisi yake ilikuwa na watu wawili: yeye na fundi chokaa. Chumba chao kilikuwa chini ya ngazi, na mtu mrefu aliingia ameinama. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akiona ufa ukutani, alibandika juu yake kipande chembamba cha kioo, akaandika tarehe. Akarudi baada ya miezi. Kioo kikiwa kimevunjika, ukuta unatembea. Kikiwa kizima, ukuta umetulia. Watu walimtania njiani: "Bi Nyufa, usipoziba ufa utajenga ukuta!" Naye alikuwa akijibu, "Nauliza kwanza umetoka wapi, ndipo nizibe."

Sasa tuje kwenye zahanati ya zamani ya wazazi. Ile yenye baraza ndefu na madirisha ya mbao. Nusu yenu mlilia kwa mara ya kwanza mle ndani. Miaka kumi na miwili iliyopita, madiwani walitaka kuibomoa. Kuta zilikuwa zimelowa. Lipu ilibanduka vipande vikubwa kama sahani. Mhandisi aliandika kwamba mawe yameoza. Vioo vya Bi Nyufa vilikuwa vizima, vyote tisa, kwa hiyo ukuta hautembei. Lakini unyevu ule unatoka wapi? Diwani mmoja aliuliza hivyo kikaoni.

Bi Nyufa alijua. Alijua peke yake.

Katika mwaka wake wa kwanza kazini, ndiye aliyeagiza kuta zile zipigwe lipu ya saruji. Alitaka ziwe imara, zipendeze. Lakini ukuta wa mawe na chokaa hupumua, wasikilizaji. Unyevu huingia, unyevu hutoka. Saruji ikauziba, maji yakabaki ndani, miaka nenda miaka rudi. Mzee aliyekuwa fundi wakati ule alimwonya: "Mwanangu, ukuta huu utaukaba pumzi." Hakusikia. Alikuwa na cheti kipya, na cheti kipya hutia pamba masikioni. Agizo lile, lenye saini yake, lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye kabati lake mwenyewe.

Na mwezi ule ule madiwani walipotaka kubomoa, alikuwa amependekezwa kuwa mkuu wa idara nzima ya ujenzi. Barua ilisubiri saini tu.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, ameniambia: "Asubuhi ya kikao mama alipiga pasi gauni moja mara mbili. Nikamuuliza, 'Mama, una nini?' Akasema, 'Nina faili.'"

Akasimama mbele ya madiwani. Akasoma agizo, tarehe na saini. Kisha akasema, "Mawe hayakuoza. Mimi ndiye niliyeyakaba pumzi. Bandueni saruji yangu, mpige chokaa, ukuta utakauka. Msiliue jengo kwa kosa langu."

Fundi chokaa, aliyekaa nyuma kabisa, akapaza sauti: "Mficha uchi hazai, waheshimiwa! Na ile ni zahanati ya wazazi!" Watu wakaangua kicheko. Nadhani kicheko kile kiliongeza kura mbili tatu.

Zahanati haikubomolewa. Lakini Bi Nyufa alipewa barua ya onyo, na ukuu akapewa mtu mwingine. Binti yake anakumbuka: "Alirudi, akavua viatu, akasema, 'Leo nimejishtaki mwenyewe, na nimeshinda kesi.' Kisha akaingia chumbani akalia. Alilia sana. Cheo kile alikitaka."

Jumamosi zote za mwaka ule alikuwa pale na fundi chokaa, kitambaa kichwani, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope, akiibandua saruji yake mwenyewe. Jana nilikwenda. Kina mama walikuwa foleni, watoto wanapimwa uzito. Nikaweka kiganja ukutani. Pakavu.

Kwa mumewe, fundi cherehani. Kwa binti zake wawili. Kwa fundi chokaa, anayesema sasa hana wa kubishana naye: poleni. Poleni sana. Mungu ampumzishe kwa amani.

Nami nina langu. Mwaka ule, kwenye maikrofoni hii hii, nilisema lile gofu libomolewe, na kwamba kuna mama anang'ang'ania mawe mabovu. Nilicheka, nanyi mkacheka. Ukuta ulipokauka, nikanyamaza. Tulikutana sokoni mara nyingi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto wangu. Mimi nikazungumzia mvua.

Bi Nyufa, nilikosea. Nimelisema leo, na wewe hunisikii. Msikilizaji mpendwa, kama una neno kama hili kwa mtu, inuka sasa hivi ukamwambie, angali anasikia.