Nusu Punje za Bi. Tusajigwe

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Tusajigwe Mwaisumo, fundi sanifu wa maabara ya mbegu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alifika katika kituo chetu cha mbegu za mpunga, hapa Kyela, mwaka 1991 akiwa na cheti, sanduku la bati na mwavuli. Mwavuli ndio ulioanza kazi kwanza, kwa kuwa paa la maabara lilikuwa linavuja.

Kwa miaka mingi alipima unyevu na uotaji wa mbegu. Mwaka 2009 alipelekwa Morogoro kujifunza kupima protini za punje. Aliporudi, alikuwa mtu pekee kituoni aliyeweza kutofautisha jamii ndogo mbili za mpunga unaolimwa, yaani indika na japonika, bila kungoja mbegu iote. Mpunga tunaoutunza hapa ni indika. Japonika ya punje fupi hata mtoto huitambua, lakini ipo pia ya punje ndefu, nayo humdanganya mkulima mzoefu. Protini haidanganyi. Ikiyeyushwa, ikapitishwa kwa umeme ndani ya jeli na kutiwa rangi ya buluu, huacha mistari, na mstari mmoja wa japonika hukaa mahali ambapo indika haina kitu.

Sisi watu wa Kyela tumezoea kupima mpunga kwa kung'ata punje. Ndani ya maabara yake jambo hilo lilikuwa marufuku. Siku moja alimtoa nje mkuu wa kituo mwenyewe, punje ikiwa bado kinywani. "Baba, meno yako hayaoni protini," alimwambia, akamfungulia mlango.

Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa Januari 2017. Magunia arobaini na sita ya mbegu yalikuwa ghalani yakisubiri kugawiwa wakulima wa Ngana, na mvua ilikwisha kuanza. Alichukua punje kutoka magunia machache kwa bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, akazichanganya, akapima. Mstari wa japonika ukaonekana.

Wakati huo mimi nilikuwa msimamizi wa mashamba. Nilimtaka atie saini magunia yatoke. Nilimwambia kwamba akikosea na msimu ukapita, atahamishwa. Alijibu, "Nikitia saini, kitakachohama ni mpunga wa Kyela." Akaomba siku tatu apime gunia moja moja.

Uani wakulima walikaa na baiskeli zao, wakitazama mawingu. Mzee Anyosisye wa Ngana alipaza sauti ili isikike hadi ndani: "Mama, mvua haisubiri mistari yako! Unataka tukapande karatasi?" Wenzake walicheka, lakini si kwa furaha. Umeme ulikatika mara mbili. Kila ulipokatika jeli iliharibika, naye alianza upya.

Siku ya tatu majibu yalikamilika. Magunia thelathini na tisa yalikuwa safi. Saba yalikuwa na mchanganyiko, na yote saba yalitoka kwa Eliud, mkulima wetu wa mbegu wa siku nyingi. Kabla ya saa sita mchana ilikwisha kusemwa kwamba alinunua mpunga Kasumulu, kule mpakani, akajazia magunia. "Eliud, siku hizi unavuna mpakani?" walimuuliza pale pale uani.

Eliud alikwenda kusimama kwenye mlango wa maabara, kofia mkononi. "Dada, nimelima mbegu miaka kumi na tisa," alisema. "Ukiandika jina langu hapo, hakuna atakayenunua mbegu kwangu tena. Hata kanisani sitakaa mbele."

Bi. Tusajigwe hakumfariji wala hakumkaripia. Alimuuliza swali moja: baada ya kuvuna, mpunga wa magunia yale aliupigia wapi? Eliud alijibu kwamba aliupigia juu ya turubai aliloazimwa na kituo.

Turubai hilo, siku moja kabla Eliud hajaazimwa, lilitumika kupigia mpunga wa shamba letu la majaribio, nao ni japonika ya punje ndefu. Utaratibu wetu ni kwamba turubai hukung'utwa na kufagiwa kila aina ya mpunga inapobadilika. Siku ile manyunyu yalianza kuanguka, nami nikaamuru likunjwe hivyo hivyo na lipelekwe kwa Eliud. Nililikumbuka jambo hilo tangu nilipoonyeshwa ule mstari wa kwanza. Nilinyamaza, na nikadai saini.

Bi. Tusajigwe alikuja kuniomba turubai. Alilikunjua sakafuni, akapiga magoti na kuuchokoa upindo wake kwa sindano, akapata punje kumi na moja. Kila punje aliikata vipande viwili: nusu isiyo na kiini aliisaga na kuipima, nusu yenye kiini, ile inayoweza kuota, aliihifadhi. Mistari ililingana na ya magunia saba.

Asubuhi ya siku ya nne mbegu safi ilitoka. Magunia saba yalikobolewa yakawa chakula. Katika ripoti Bi. Tusajigwe aliandika kwamba chanzo ni turubai la kituo ambalo halikufagiwa. Aliiweka mezani kwangu, nikatia saini.

Wapo waliodai kwamba mistari ni uganga mtupu. Kwa hiyo alizipanda zile nusu zenye kiini kwenye ndoo nyuma ya maabara. Nane ziliota, zikawa na majani mapana na machipukizi machache, tofauti kabisa na mpunga wetu. Eliud aliitazama ndoo, akasema, "Ndaga fijo, dada," yaani asante sana. Akaenda kumwita Mzee Anyosisye. Mzee aliizunguka ndoo. "Kumbe, Mama," alisema, "mistari yako ina majani."

Hata hivyo ripoti ilifungiwa kabatini, na maneno ya Kasumulu yamemfuata Eliud kwa miaka minane. Mwezi uliopita nilimuuliza Bi. Tusajigwe ni jambo gani lisikosekane katika wasifu wake. Nilitarajia ataje Morogoro. Alijibu, "Turubai. Na nani aliyeamuru likunjwe."

Nimeandika.

Bi. Tusajigwe, kituo kinakushukuru kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na paa lisilovuja. Mgeni wako uliyemwalika kwenye hafla ya kukuaga, Eliud, ametengewa kiti. Ni cha safu ya mbele.

Lugano Mwakibete
Msimamizi wa Mashamba, mstaafu