Mama Dorcas na Chuma Kilichohama Isamilo

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Evelina Shigela, ambaye ofisi nzima inamwita Mama Dorcas, anastaafu baada ya kuitumikia Upeo Wapima Ardhi kwa miaka thelathini na miwili. Wiki hii watu wamekuwa wakiingia chumba cha ramani, wanasimama katikati, wanasahau walichofuata, wanatoka. Mimi Pius nimekaa naye chumba hicho miaka mingi, na bado sikujua wasifu huu nianzie wapi.

Alizaliwa Sengerema, akasomea upimaji Dar es Salaam, akaajiriwa mwaka 1993 akiwa mwanamke pekee kati ya wapimaji. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Nyamagana, juu ya duka la vitenge. Siku moja Nyegezi alisimamisha mashine kwenye kiwanja cha kanisa, akainamia kioo, na alipoinua kichwa akakuta kwaya nzima imejipanga mbele yake ikitabasamu. Walidhani ni mpiga picha. Hakutaka kuwaaibisha. Akawaambia, "Haya, sogeeni kidogo kushoto," wakasogea, akapima. Mpaka leo kuna watu Nyegezi wanaidai ofisi hii picha.

Lakini kazi yake tutakayoikumbuka zaidi ni ya Isamilo, mvua za Machi mwaka 2023, kwa sababu kwa muda wote ule hakuna aliyeelewa kinachoendelea, yeye akiwa wa kwanza.

Huko mlimani wanaishi majirani wawili. Juu ni Mama Manjula, mjane wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Chini yake ni Mzee Masele, fundi seremala, na mkewe Bi. Teodora, ambaye alikuwa amepata kiharusi na kulazwa kwenye chumba cha nyuma, kile kilicho karibu na mlima. Familia hizi zilikuwa zikipelekeana sahani za chakula kila Diwali na kila Krismasi. Mama Manjula alitaka kujenga ukuta ili mvua isimalize udongo wake, akatuita tumwonyeshe mpaka.

Alama ya juu ya mpaka ule ilikuwa chuma kilichopigiliwa kwenye jiwe kubwa bapa. Mama Dorcas alikifahamu vizuri. Alikipigilia mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini.

Tulipima kutoka kwenye chuma hicho. Mstari ukapita katikati ya chumba cha Bi. Teodora.

"Hebu rudia," Mama Dorcas alimwambia Kija, mshika fito wetu. Kija akarudia. Mstari ukapita pale pale, juu ya kitanda cha mgonjwa.

Mzee Masele alisimama mlangoni na randa yake mkononi. "Chumba hiki nimekijenga nikiwa nimeacha nafasi ya kupita mkokoteni. Leo mnaniambia mke wangu amelala kwa jirani?"

Mama Manjula naye alikuwa haamini. "Mimi sikuja kuchukua chumba cha mtu," alisema. "Lakini fundi wangu anasubiri. Nimwambie nini?"

Tukapima upya, safari hii kwa kuanzia bikoni, zile alama za zege za barabarani. Chumba kikawa salama, na nafasi ya mkokoteni ikaonekana. Tukarudi kwenye chuma: chumba kimevuka mpaka. Tukabadilisha mashine. Tukambadilisha Kija, nikashika fito mimi. Majibu yakabaki mawili, na kila moja lilikuwa sahihi. Kija alisema labda nyumba imehama. Hakuna aliyecheka, maana kwa wakati ule hata hilo lilielekea kuwa na maana.

Nilitegemea Mama Dorcas achague jibu moja. Wapimaji wengi tungechagua chuma, kwa sababu bikoni ya barabarani inaweza kugongwa na gari, lakini nani atasukuma mlima? Yeye aliwaita majirani wote wawili uani, akasema, "Shikamoo Mzee. Mama Manjula, karibu hapa. Mimi sijui."

"Marahaba. Hujui nini?" Mzee Masele aliuliza.

"Sijui mpaka wenu uko wapi. Naomba mtu asibomoe, na mtu asijenge, mpaka nijue."

Bosi wetu alikasirika. Mama Manjula aliacha kupokea simu zetu. Mzee Masele alianza kulala kwenye kiti mlangoni mwa chumba, akihofia watu wa kubomoa. Na Mama Dorcas alikuwa akikaa mezani kwake akikodolea macho ramani aliyoichora mwenyewe, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

Tulirudi Isamilo mara ya tatu na mvua ikatukuta juu kwenye jiwe. Tulijibanza chini ya mwavuli mmoja. Kija alikuwa akilalamikia viatu vyake, Mama Dorcas akamnyamazisha kwa mkono. Maji yaliyokuwa yakiteremka mlimani yalifika kwenye jiwe letu, yakapotea. Halafu yakatokea upande wa chini, ya kahawia, yamejaa mchanga.

Alipiga magoti kwenye tope akaingiza mkono chini ya jiwe. Uliingia mpaka kwenye kiwiko.

"Pius," alisema, "hili jiwe halijashikana na mlima."

Upande wa juu, pale jiwe lilipoachana na mwamba, kulikuwa na ukanda mweupe, msafi, usio na weusi wala ukoga uliofunika mwamba wote mwingine. Ni sehemu iliyofunikwa na jiwe kwa miaka mingi na sasa imebaki wazi. Tuliupima. Upana wake ulikuwa sawasawa na tofauti kati ya yale majibu mawili yaliyotusumbua.

Alijifuta tope mkononi, mvua ikimnyeshea. Kisha akasema, "Nilidhani nimeshika mlima. Kumbe nilishika ganda."

Jioni ile aliwaeleza majirani. Jua huupasha mwamba moto mchana, usiku unapoa, na kwa miaka isiyohesabika tabaka la juu linaachia kama ganda la kitunguu. Maji yanaingia kwenye ufa, mizizi inafuata, mchanga unatoka kidogo kidogo. Mawe yote ya Mwanza yanayoonekana yamebebana hakuna aliyeyapanga. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, sehemu laini zikaliwa na mvua, ngumu zikabaki. "Hata sasa haijaisha," alisema. "Mlima huu unaendelea kujichonga."

Mama Manjula ndiye aliyeelewa kabla yetu sisi wapimaji. Tulikuwa tukishangilia mpaka uliopatikana. Yeye alitazama jiwe, akatazama paa lililokuwa chini yake.

"Kwa hiyo linamfuata Teodora," alisema.

Hapo maneno ya mpaka yakaisha. Bi. Teodora alibebwa na godoro lake mpaka sebuleni kwa Mama Manjula, na alikaa huko hadi mvua zilipokatika. Wavunja mawe walilipasua jiwe lile vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vilivyojenga ukuta, kwenye mpaka wa kweli, ule wa bikoni za barabarani. Mzee Masele alitengeneza lango la mbao ukutani ili familia zile ziendelee kutembeleana.

Baada ya hapo Mama Dorcas alizunguka kukagua vyuma vyote alivyowahi kuvipigilia kwenye mawe. Vingi viko mahali pake. Vichache vilikuwa vimeteleza, akavisahihisha na kwenda kuwaeleza wenyewe ana kwa ana. Leo hakuna mpimaji wa Upeo anayetoboa jiwe kabla ya kuligonga kwa nyundo na kusikiliza kama lina uwazi chini. Kuna vyuma viwili, kimoja Igogo na kingine Mabatini, ambavyo mpaka leo vinatupa majibu mawili na hatujui kwa nini. Ametuachia hivyo.

Sasa anavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kurudi Sengerema, kwenye shamba lake la mihogo. Juzi tumegundua kwamba shamba hilo halijawahi kupimwa. Tulipomuuliza linaishia wapi, alifikiri sana.

"Pale ng'ombe wa shemeji yangu wanapoanzia," alisema.

Mama Dorcas, asante kwa kazi, na kwa siku ile uliposema hujui. Ukale mihogo yako kwa amani, ulale hadi jua lipande, na shemeji awafunge ng'ombe wake.