Maharage Yaliyozoea Kuguswa

Mashamba thelathini na moja ya maharage yalikauka msimu mmoja. Mtu mmoja alijua kwamba yatakauka, akanyamaza.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyo alifariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka hamsini na tisa. Kazini walimwita Rula. Leo tunamkumbuka Rula, na hatutampamba. Mkewe mwenyewe ndiye aliyeniomba: "Sema yote. Yeye naye aliyasema yote, ila alichelewa."

Rula alikuwa mpimaji wa miche katika kituo cha utafiti. Miaka kumi na saba, banda lile lile la vioo. Walikuwa wakitafuta maharage yanayovumilia kiu. Miche inanyimwa maji, halafu Rula anapima: anashika jani, analinyoosha kwa kidole gumba, anaweka rula, anaandika. Meza ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa na mbegu ambayo wakubwa waliitegemea sana. Hiyo aliipima kila asubuhi. Meza za nyuma, mara moja kwa wiki.

Mkewe alikuwa akimtania. "Wewe mwanamume, hayo majani umeyaoa? Mimi mbona hunipimi?"

"Wewe, mama watoto, rula haitoshi."

Mbegu ya meza ya mbele ikashinda. Fupi, shina nene, siku kumi na tano bila maji na bado imesimama. Ikazalishwa kwa wingi, ikafungwa kwenye magunia ya kugawiwa wakulima.

Ndipo mtafiti mgeni, msichana wa rika la binti yake, alipomwona anavyoshika majani. Akamwambia, "Baba, kuna utafiti mpya. Mmea ukiguswa kila siku unajihami, kama vile kuna upepo au mdudu. Haipiti nusu saa, umeshaanza kubadilika ndani. Unakuwa mfupi, unakuwa mgumu, hata kiu unaivumilia."

Rula hakubisha. Alichukua mbegu ile ile, akapanda makopo ishirini, asiyaguse kabisa. Akayanyima maji. Siku ya nane miche yote ilikuwa imelala. Siku ya nane, wasikilizaji, si ya kumi na tano. Nguvu haikuwa ya mbegu. Ilikuwa ya mkono wake. Na shambani nani atapapasa maharage kila asubuhi?

Akaenda kwa mkuu wake. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Makopo ishirini si utafiti. Magunia yanaondoka kesho kutwa. Wewe pima, mengine tuachie sisi."

Rula akarudi kupima.

Mkuu ana lawama yake, na yupo kazini hadi leo. Lakini wiki ile ile dada yake Rula, ambaye ni mkulima, alipita kwake na mfuko kichwani, anacheka. "Kaka, nimepata mbegu zako! Mwaka huu mahindi sipandi. Shamba zima hizi tu."

"Panda, dada," akasema Rula.

Mvua ilikatika wiki ya tano. Yaliyobaki mnayajua.

Baadaye alipita mlango kwa mlango, nyumba zote thelathini na moja, akisema, "Nilijua." Wengi walimfukuza. Mmoja alimpa kiti na maji ya kunywa, na huyo ndiye aliyemliza. Dada yake ameniambia hivi: "Nilimjibu, 'Mbegu ningekusamehe. Lakini ulinitazama usoni ukaniambia panda.' Nikafunga mlango."

Tunampa pole mjane, watoto wake wawili, na dada yake. Poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, kama unajua jambo na mwenzako yuko mbioni kuumia, mwambie leo. Akikucheka, akucheke. Mkubwa akikufokea, akufokee.

Tuhesabu basi. Watoto tisa waliacha shule mwaka ule, wawili wakiwa wa dada yake. Familia nne zilihama, hazijarudi. Miaka minne kaka na dada hawakusalimiana, na kutoka mlango wa mmoja hadi wa mwingine ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Dada alizitembea dakika hizo Jumatano asubuhi, kwenda kuzika.