Papa Lambert Tshiyombo na Pande Mbili za Fizi Zake

Ndugu mliokaa nasi kwenye kilio hiki, familia imenituma mimi Patrice, mdogo wa marehemu, niwasimulie maisha yake, nami sitamsifu kupita alivyokuwa, maana mwenyewe angeamka anikatize.

Daktari Lambert Tshiyombo alizaliwa Kambove tarehe 12 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa mchimba shaba aliyetoka Kasai, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari hapa Likasi, kisha udaktari wa meno Kinshasa, alikomaliza mwaka 1983. Mwaka uliofuata alifungua kabineti yake ya kutibu meno hapa mjini, na tarehe 6 Septemba 1986 akafunga ndoa na Madeleine Ngalula, wakajaliwa Didier, Estelle na Claire. Mwaka 1993, jamaa zetu wengi walipofukuzwa Katanga kwa ajili ya kabila wakapanda treni kurudi Kasai, yeye alibaki, akisema fizi hazina kabila.

Fizi hizo alizikata kwa kisu cha umeme, waya mwembamba unaokata huku ukizuia damu, na hakutaka kusikia kingine. Claire, kitinda mimba wake, aliporudi na udaktari wake mwaka 2021, akiwa na leza, inayokata kwa mwanga, baba yake aliiita tochi, wakabishana mezani mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa, Claire akaanza kufunga mizigo aende Lubumbashi, kwa kuwa alichotaka ni kimoja tu, baba aikubali kazi yake.

Ndipo dawa za presha zilipomvimbisha marehemu fizi, akaamua ubishi uishie kinywani mwake, upande mmoja akatwe kwa umeme na rafiki yake Daktari Urbain, wa pili kwa leza na Claire, na Mama Madeleine awe mwamuzi, asiambiwe upi ni upi. Mama alichungulia kila asubuhi, akaona kushoto, kumbe ndiko kwenye leza, hakukuvimba sana, na mgonjwa alitafunia huko, lakini vidonda vilifunga kwa mwendo mmoja, na mwezi ulipokwisha hakuona tofauti, akasema zote ni fizi za bwana yake. Marehemu akarudi kwenye kisu chake cha umeme, na Claire akaumia moyo.

Oktoba 2022 ufizi wa Mama Madeleine mwenyewe uliota juu ya gego, na tangu waoane hakuna mkono mwingine ila wa mumewe uliowahi kumtibu kinywa. Marehemu alinawa, akakaa kwenye kiti cha msaidizi, akamwambia Claire achukue mwanga wake, kwa sababu kupona ni sawa lakini maumivu si sawa, na yeye hataki Madeleine aumie. Mizigo ya Lubumbashi ilifunguliwa jioni ile.

Tarehe 19 Januari 2025 mshipa ulipasuka kichwani, sauti ikaondoka, Claire akawa anamsafisha kinywa kila siku, mpaka alipofariki hospitalini tarehe 2 Februari, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Kakontwe waliotupikia, na Daktari Urbain, ambaye hata leo asubuhi ameshikilia kwamba upande wa kulia ulipona vizuri zaidi, nasi tumemwachia.

Lambert, mkubwa wangu, uliogopa Madeleine asije akaumia, na leo anaumia, wala hapa hakuna umeme wala mwanga wa kumsaidia, ila binti uliyemkubali amekaa kando yake, amemshika mkono. Pumzika kwa amani, mkubwa wangu.