Mafuta Gani, Sista?

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mchungaji Simeon uliyetufungulia kwa sala, Bwana Dedan Thuo ambaye kliniki hii imesimama kwenye ploti yako, madaktari na wauguzi, majirani mliotoka Riruta Satellite na hata Kambi Muru, na ninyi wagonjwa, ambao kwa itifaki hutajwa mwisho ingawa bila ninyi hakuna ambaye angekuwa na kazi hapa: nawasalimu nyote. Sista Wamuyu, wewe nakusalimu peke yako.

Mimi ni mwandishi wa habari. Mwaka juzi nilikuja hapa Kabiro kuandika juu ya watu wanaoishi na lupus, nikajikuta nimerudi mara kumi na moja. Nimesikiliza hotuba nyingi za kuwaaga wanaostaafu, na katika zote anayestaafu hakuwahi kukosea hata siku moja. Leo nitawaeleza kosa la Sista Wamuyu. Nilimwomba ruhusa, akanijibu, "Sema yote, lakini usitie chumvi. Chumvi pia tumewakataza."

Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, inaugeukia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo. Jua huuchochea. Ambalo wengi hatukulijua ni kwamba huharibu pia mishipa ya moyo, mapema kuliko kawaida, na kwamba steroidi zinazotumika kuutuliza zinaweza kupandisha kolesteroli na presha. Ndiyo maana mwanamke wa miaka thelathini na mitatu anaweza kuwa na moyo ulio hatarini kama wa nyanya yake.

Mwanamke huyo yupo. Ameketi safu ya tatu na ameniruhusu nimtaje. Ni Kasiva, anayeshona sare za shule kule Kambi Muru. Kipimo chake cha kolesteroli mbaya kilisoma 4.6, na daktari alitaka kishuke chini ya 2.6. Wakakubaliana wajaribu chakula na mazoezi kwa miezi mitatu kabla ya dawa. Sista akamweleza: atembee nusu saa kila siku. Kisha akasema, "Mama, damu yako ina mafuta mengi. Achana na mafuta."

Kasiva alitii. Ni nani kati yetu aliyewahi kutii hivyo? Jirani alipewa mafuta ya kupikia, jirani mwingine akapewa mafuta ya kujipaka. Yale ya kukinga jua, aliyoandikiwa kwa sababu ya lupus, akayafungia kabatini, kwa kuwa nayo ni mafuta. Kisha akaanza kutembea saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, uso wazi, kila siku.

"Kasiva, sasa! Mbona umepauka hivyo?" majirani walimtania. "Umehamia kwa posho mill, kwenye vumbi la unga?"

"Ni daktari amesema," aliwajibu, akaendelea kutembea.

Miezi mitatu ilipokwisha alirudi hapa akiwa na madoa usoni na viungo vilivyovimba, na kifua kilichombana kila alipopanda mlima. Lupus ilikuwa imewaka, steroidi zikaongezwa, na kolesteroli badala ya kushuka ikafika 5.3. Nilikuwepo siku hiyo, nimeketi kando na daftari.

"Miaka thelathini na mitatu?" alisema muuguzi aliyekuwa zamu na Sista. "Hiyo ni asidi. Mpe dawa ya tumbo aende."

"Lupus haiulizi mtu kitambulisho," Sista alimjibu, akaagiza Kasiva apimwe moyo papo hapo. Kisha akamgeukia kwa ukali: "Na wewe, uliacha chipsi kweli?"

Kasiva hakubishana. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Ilikuwa imepauka, ngozi imepasuka kwenye vifundo.

"Sista, angalia. Hata kujipaka niliacha."

"Hata ya jua?"

"Si ulisema mafuta?"

Sista angeweza kujibu kwamba mgonjwa hakuelewa. Hiyo ni sentensi iliyo tayari, na imelala katika mafaili mengi ya nchi hii. Badala yake alivuta faili na kuandika, mbele ya Kasiva, maneno ambayo niliyanakili: "Nilimwambia mgonjwa aache mafuta. Sikumwambia mafuta gani. Kosa ni langu." Akatia sahihi.

Kipimo cha moyo kilionyesha kasoro. Kasiva alipelekwa hospitali kubwa mchana huohuo, akakutwa na mshipa mmoja wa moyo umeanza kuziba. Alitibiwa kabla haujaziba kabisa.

Wiki iliyofuata Sista aliwapigia simu wagonjwa hamsini na watatu, kila mtu aliyewahi kuambiwa naye neno lile. Hakuwauliza kama walielewa, kwa sababu swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Aliwauliza, "Nilikwambia nini?" Wawili walikuwa wameacha kujipaka. Mzee Mbuvi, ambaye namwona pale ameshaanza kucheka, alikuwa ameacha mafuta ya taa, na kwa wiki mbili alikula githeri baridi.

"Mafuta gani, Sista?" alimuuliza kwenye simu. "Kwangu niliona yako ya aina moja tu, ya stovu."

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyetoka chumba kile kabla ya kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Huchukua dakika nne. Foleni hulalamika, nami nimeisikia ikilalamika kwa lugha tano. Sista hajapunguza hata dakika moja.

Leo kolesteroli ya Kasiva ni 1.7. Anameza dawa yake, steroidi zimeshushwa kidogo kidogo, na anatembea alfajiri akiwa amejipaka vizuri. Hajapona, kwa kuwa lupus haina tiba ya kuimaliza. Anaishi nayo, na anashona.

Mabibi na mabwana, nimetafuta kwa miaka mingi mtu asiyekosea, na sijampata. Niliyempata, baada ya miaka yake thelathini na miwili ya kazi, ni mtu aliyeliandika kosa lake kwa mkono wake mahali ambapo lingesomwa. Je, wangapi kati yetu tunaweza?

Jumanne iliyopita Sista alimkabidhi Kasiva kwa muuguzi mpya, Valerie. Kasiva alikalia kiti, faili mapajani, akakataa kulitoa.

"Siku ukinikosea, utaniambia?" alimuuliza.

Valerie alimtazama Sista. Sista akatazama dirisha, hakumsaidia.

"Nitakwambia."

"Hata kama mkubwa wako amesimama hapo?"

"Hata kama amesimama hapo."

Kasiva akampa faili, akakunja mkono wa blauzi, akaunyoosha apimwe presha.

Sista Wamuyu, nenda ukapumzike. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.