Bastola Niliyoinunua kwa Hofu

Mwangaluka, ndugu zangu! Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Kulwa, nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo hapa Kharumwa na kuipeleka sokoni Geita. Kazi hii aliniachia marehemu mume wangu. Ila leo sisemi habari za dhahabu, nasema habari za bastola.

Mnunuzi mwenzetu mmoja alivamiwa njiani, akaporwa, akapigwa hadi akapofuka jicho. Wote tukakimbilia kuomba vibali vya silaha. Duka lilikuwa moja tu, na bei ikawa inapanda kila ukirudi kuulizia. Nilipolalamika, muuzaji akacheka kwa upole.

"Mama, ukisikia duara fulani la wachimbaji, shimo lao, limetoa dhahabu, si mnagombania hapo na bei inapanda? Basi leo nagombaniwa mimi."

Niliuza maksai wangu wa kulimia, nikainunua bastola.

Msimu haujaisha, duka la pili likafunguliwa ng'ambo ya barabara. Sasa wakawa wanatugombania sisi! Huyu akipunguza bei, yule anapunguza zaidi na kukupa mkoba wa kiunoni bure. Ndugu zangu, nawaambia, nilipita pale nikatamani kulia. Lakini hasara hiyo ilikuwa ndogo. Bei iliposhuka kila mnunuzi akawa na bastola, na wezi wakajua. Wakaanza kuja wengi zaidi, nao wana silaha.

Nikataka kuirudisha. Muuzaji akasema, "Mpya zenyewe zimeshuka, Mama. Hiyo yako nitamuuzia nani?"

Kumuuzia mtu mtaani, sheria hairuhusu, na Mungu naye haruhusu. Kuiacha nyumbani na mapacha wangu, sithubutu. Nikienda nayo msibani, watu wanasogea pembeni. Hata hapa kanisani nikaacha kuja, na mchungaji akadhani nimehamia kwingine. Nilikuwa nimefungwa, jamani, na kamba niliilipia mwenyewe.

Mchana mmoja, kwenye mashamba ya mtama, wanaume watatu waliniangusha. Mfuko wa dhahabu ukadondoka mbele yao. Hawakuuinamia.

"Chuma kiko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa umekandamizwa chini, hata kukigusa siwezi. Mmoja ameshashika mkanda wangu, ndipo pikipiki za wachimbaji zikatokea, wezi wakakimbilia mtamani.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda polisi na vumbi langu.

"Imeharibika, mama?" askari akauliza.

"Haijaharibika, afande. Nimeharibika mimi. Naisalimisha."

Msidhani nilitoka pale nikiimba. Nilijifungia ndani, nikaogopa hata mlango ukigongwa. Aliyeniinua ni mama mmoja mshindani wangu, ambaye miaka yote alikuwa akinipandia bei kwenye dhahabu. Alikuja na viazi vyake, akaketi jikoni, akasema, "Mama Kulwa, na mimi naogopa. Twende pamoja."

Sasa wanunuzi tunasafiri gari moja, na askari tunamwomba atusindikize. Hofu haijaisha, sitawadanganya. Lakini nalala.

Namshukuru mama huyo, wale vijana wa pikipiki, yule afande, na nyinyi mliokuja kuniombea nilipokuwa sifungui mlango. Ninalowaachia ni hili: siku ile mwenzetu alipopigwa, sote tulikimbilia dukani, mmoja mmoja, kila mtu na hofu yake. Hakuna aliyekwenda kwanza kwa jirani.