Upindo wa Vidole Vinne

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Upindo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Sare yake ilikuwa moja tu, fupi, na wenzake walimcheka. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1976 aliajiriwa kiwandani, chumba cha ushonaji, akadumu miaka arobaini kasoro mmoja. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na fundi umeme wa humo humo, wakajaliwa watoto wawili. Suruali ya bwana harusi aliishona mwenyewe, akaiachia upindo mrefu. Shemeji hadi leo analalamika: "Mtu mzima mimi, nirefuke niende wapi?"

Kiwanda kilipofungwa Agosti 2015, watoto walianza kuachishwa shule kwa kukosa sare. Dada akaitoa cherehani yake nje, barazani. Mwenye sare iliyombana mwanawe aliileta, asiye nayo akachukua. Zote alizishona upya bure, kwa upindo wa vidole vinne, ili mtoto akikua ufumuliwe. "Watoto hawaombi ruhusa kurefuka," alisema. Wengi walibaki darasani kwa sababu yake. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Familia zilihama moja moja kutafuta kazi, kila moja ikimrudishia sare mlangoni.

Kifua kilimwanza Oktoba 2023. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba arudi nyumbani amalizie sare za Januari. Tarehe 8 Januari 2024, siku ya kufungua shule, alimuuliza mdogo wake, huyu anayewasomea, kama watoto wameingia.

"Wameingia, dada. Wamejaa tele."

"Mdogo wangu, naumwa kifua, siumwi masikio. Kengele iko wapi?"

Shule ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imefungwa kabisa kwa kukosa wanafunzi. Dada akageukia ukutani. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili walio mbali kikazi, wajukuu watatu, ndugu wanne, na sare sitini na mbili zilizopigwa pasi, kwenye kamba sebuleni. Mwenye mtoto wa kuzivaa apite achukue. Tangu juzi tunauliza, hajatokea.

Lala kwa amani, dada. Upindo tumeuacha kama ulivyoushona.